Kampuni Haikunywa Kahawa Yako

Kijijini, mashariki ya Karak
9 Februari 2008

Binti yangu Nawfa,

Assalaam alaikum. Sisi huku hatujambo, na tunaomba wewe, mumeo Nidal na yule mjukuu wangu mtundu Raja muwe salama. Mvua ya mwaka huu ni ya kushukuru. Ngano ya jirani yetu Shihada imechipua, na yangu imechipua zaidi, ingawa yeye hakubali. Mbuzi wameanza kuzaa. Mama yako hajambo. Kila Jumamosi, Jumatatu na Jumatano nampeleka hospitali Karak kusafishwa damu, na bado anagombana na wauguzi wanaomkataza chumvi. Barua hii anaileta Abu Rakan wa basi, pamoja na dumu la mafuta ya zeituni. Usimlipe chochote, nimeshamlipa, na yeye ana tabia ya kulipwa mara mbili.

Unanilaumu kwamba sipokei simu. Mizinga ya jeshi ilinila masikio, binti yangu, na kwenye simu sauti yako inakuwa ya nzi ndani ya chupa. Kwenye karatasi nakusikia vizuri, basi tuendelee hivi hivi.

Kuna jambo dogo nikuambie kabla hujalisikia kwa watu. Wiki iliyopita tulikuwa tunatoka hospitali, tumefika njia panda ya kinu, Auda mwana wa Shihada akachomoka na gari la baba yake akatugonga mbele. Hakuna aliyeumia. Mama yako alitikisika tu, na cha kwanza alichouliza ni kama mayai yamevunjika. Askari wa trafiki alikuja, akachora mchoro wake, akasema kosa ni la kijana.

Siku ya tatu wakaja na jaha, ule ujumbe wa wazee wa kuomba suluhu, kama ada. Shihada na wazee wa ukoo wao, wamevaa majoho, wamejaa ukumbini hadi mlangoni. Nikamimina kahawa. Mkubwa wao akapokea kikombe, akakiweka chini mbele yake, akasema, "Kahawa yako hatuinywi, Abu Nawfa, mpaka tupate haja yetu." Unajua mwenyewe mtu anajibu nini hapo. Nikamwambia, "Kunywa kahawa yako. Mlichokijia mmekipata. Auda ni mwanangu, na gari ni chuma tu."

Wakanywa. Kesho yake nikaenda polisi na Shihada, nikatia sahihi kwamba nimeachilia haki yangu, ili kijana asisumbuliwe. Gari limesimama uani na uso uliovimba. Chuma kinanyooshwa, usijisumbue.

Mama yako anakusalimu sana, na anauliza Raja ameota jino la ngapi.

Baba yako,
Mithqal


Amman
20 Februari 2008

Baba yangu mpenzi,

Waalaikum salaam. Mafuta yamefika, na Abu Rakan aliomba nauli ya mzigo kama ulivyotabiri. Raja ana meno sita na anauma kila kitu, pamoja na baba yake. Theluji ilitufungia ndani siku mbili. Nidal alijaribu kupika mansafu, tukala mkate na jibini.

Nashukuru Mungu mmetoka salama. Sasa nivumilie, maana nimesoma barua yako mara tatu, mara mbili kama binti na mara moja kama mtumishi wa serikali. Baba, serikali inanilipa mshahara nisikilize malalamiko ya watu wanaodhulumiwa na kampuni za bima. Kutwa nzima natuma barua kuwakumbusha wajibu wao. Halafu baba yangu mzazi anagongwa na gari lenye bima, anaweka sahihi polisi kwamba hataki kitu, na ananiandikia kuwa ni jambo dogo katikati ya mbuzi na mayai.

Sikulaumu kwa kumsamehe Auda. Ningekushangaa usingemsamehe. Lakini gari la Shihada lina bima, na bima ile anailipia kila mwaka kwa ajili ya siku kama ile ya njia panda. Nenda kwenye ofisi ya kampuni yao pale Karak na mchoro wa trafiki, uwaombe walitengeneze gari. Hutakuwa umemdai kijana hata senti.

Nenda upesi, tafadhali. Na mama anakwendaje hospitali gari likiwa uani? Hukuniambia.

Mkono wa mama naubusu, na wako.
Nawfa


Kijijini
15 Machi 2008

Binti yangu,

Salamu kutoka kwetu, na kutoka kwa mlozi wa nyuma ya nyumba, ambao umechanua wote kwa siku moja. Shihada amefungua kisima chake upya. Mama yako hajambo.

Nilikwenda pale uliponituma. Sikutaka, mama yako ndiye aliyenisukuma. Nilimkuta kijana wa shati jeupe, umri wa Auda, akaniambia nikae, hakuniuliza hata jina la baba yangu. Akafungua jalada, akatoa ile sahihi yangu ya polisi, akaigeuza niione. "Hajji, wewe umeshasamehe. Sasa unadai nini?" Alisema kwa sauti ya kusikika, na watu walikuwepo. Kisha akaongeza kwamba hata wakilipa, watamgeukia Auda na kumdai yeye.

Nawfa, miaka sabini naishi hapa, hakuna aliyewahi kuniuliza mbele za watu kama neno langu lina maana. Nikasimama nikatoka. Nilichomsamehe kijana hakitaingia nyumbani kwake kwa mlango wa nyuma, kwa mkono wa kampuni wala wa serikali yako. Neno limeshatoka na kahawa imeshanyweka.

Fundi amelitazama gari. Boneti, taa, rejeta, na kitu kingine chini ambacho akikieleza anakuna kichwa. Ametaja bei yake, nikamtakia siku njema.

Shihada alikuja kusema atatupeleka hospitali kila siku ya zamu. Nikamshukuru nikakataa. Nikipanda gari lake mara tatu kwa wiki, watu watasema nimeuza msamaha kwa mafungu. Hata nisiposikia wakisema, nitajua wanasema. Usafiri upo, watu wapo, usitie shaka.

Tusilizungumze tena jambo hili.

Baba yako


Amman
12 Aprili 2008

Baba,

Nisamehe kuchelewa. Raja alishikwa na surua, tukakesha naye, sasa amepona na amerudi kuuma watu.

Umesema tusilizungumze, nami ni binti yako, kwa hiyo ukaidi wangu umeutoa nyumbani kwako. Nitalizungumza.

Yule kijana wa shati jeupe alikosea, na nadhani alijua kuwa anakosea. Kampuni ya bima si duka la kitambaa ambapo muuzaji akikunja uso unaondoka. Serikali imeipa kanuni. Mtu akidai, wanatakiwa wampokee, watume mkadiriaji akalitazame gari lilipo, na kama wanakataa, wakatae kwa maandishi na waseme kwa nini, ndani ya muda uliowekwa. Kumwonyesha mzee karatasi juu ya meza na kumwaibisha si jibu. Na kukutisha kwamba watamdai Auda nako hakumo. Wanaweza kumgeukia dereva kwa mambo machache yaliyotajwa, kama hakuwa na leseni au alikuwa amelewa. Auda halewi ila kwa chai yenye sukari.

Kwa hiyo naomba uandike malalamiko, ukurasa mmoja, kwa mkono wako. Uyatume kwenye ofisi yetu, dirisha la chini. Usiyatume kwangu. Sitayasoma mimi, atayasoma mwingine.

Jambo jingine. Mwezi huu mama huniletea jamidi, yale madonge ya maziwa makavu, na kila mwaka ananipigia kelele kwamba naipika vibaya. Mwaka huu haijaja jamidi wala kelele. Nikipiga simu kwa jirani nimsalimie, naambiwa amelala. Baba, mama anaendeleaje?

Nawfa


Kijijini
10 Mei 2008

Nawfa,

Salamu.

Umesema barua ya baba yako hutaisoma, atasoma mwingine. Sawa. Nilikusomesha mpaka ukapata kiti, na mwenye kiti ana mambo yake. Sitaandika kwa mtu nisiyemjua kumlilia gari.

Maziwa ya mbuzi mwaka huu hayakutosha jamidi.

Mama yako anapumzika. Anakusalimu.

Mithqal


Amman
28 Mei 2008

Baba yangu,

Sitaanza na habari za Raja. Nitakuambia zote Ijumaa, maana Ijumaa tunakuja, mimi na Nidal.

Juzi nilikuwa mezani kwangu, mlinzi akaniambia kuna kijana wa Karak chini, amesimama tangu ofisi ilipofunguliwa na hataki kukaa. Nikashuka, nikamkuta Auda. Amekonda. Alikuwa amevaa koti la harusi ya kaka yake, kwenye joto hili. Hakuweza kunitazama usoni. Nikamwuliza kulikoni, akasema, "Da Nawfa, baba yako alinisamehe, mimi siwezi kujisamehe. Mama Wadha haendi tena hospitali mara tatu. Wiki nyingine anakwenda mara moja. Juzi miguu ilimvimba, hawezi kuvaa viatu."

Akaniambia na yaliyobaki. Kwamba unamsimamisha mama barabarani asubuhi kusubiri lori la mboga. Kwamba umeuza mbuzi wote ila wawili kwa ajili ya teksi, ndiyo maana maziwa hayakutosha. Kwamba baba yake amekuja mlangoni kwako mara nne na gari linanguruma, na mara nne umemkaribisha chai ukamrudisha. Kwamba kampuni ilimwambia na yeye asifungue mdomo, la sivyo deni litakuwa lake, naye akaogopa mpaka alipoona miguu ya mama.

Baba, nililia mbele ya mlinzi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha methali hiyo, siku nilipoficha jipu la mguu. Miezi minne unaniandikia "mama yako hajambo". Nimekukasirikia sana. Nakupenda, na nimekukasirikia sana.

Sasa nisikilize, kisha unitukane Ijumaa. Wewe unasema kahawa imeshanyweka. Ni kweli. Lakini hebu kumbuka vizuri ukumbi ule, uniambie nani aliyekaa. Shihada alikuwepo. Wazee wao walikuwepo. Auda alisimama mlangoni akiwa ameinamisha kichwa. Kampuni ya bima ilikaa wapi? Ilivaa joho la rangi gani? Nani aliimiminia kikombe? Kampuni haikunywa kahawa yako, Baba. Haikuja kwako, haikuomba haja, haikuona haya. Ilikuwa nje kabisa, na ulipomsamehe mtoto wa jirani, ikapenya chini ya joho la wazee na kujihesabu miongoni mwa waliosamehewa. Wewe ulimkirimu mgeni. Huyu ni mwizi aliyeingia na wageni.

Na kuhusu barua ambayo sitaisoma. Nilipaswa kukueleza, nikaona haya kukueleza. Nilipoona jambo lako limefika pabaya, nilikwenda kwa mkubwa wangu nikamwambia, huyu ni baba yangu, jalada lake likija lisipite mezani kwangu. Ndiyo sheria ya ofisi, nami nimeiapia. Kama ningeyaamua mimi, kampuni ingesema haki yako ulipewa na binti yako, na ingekuwa kweli. Nataka uipate kwa sababu ni yako. Kila siku nawahudumia baba za watu, na kwa baba yangu nimefungwa mikono. Usidhani imekuwa rahisi.

Ijumaa tutamchukua mama aje kukaa kwetu. Hospitali ipo mtaa wa pili. Hili si ombi, na usiniwekee kikombe mbele yangu kabla hujakubali.

Binti yako,
Nawfa


Kijijini
3 Agosti 2008

Binti yangu Nawfa,

Assalaam alaikum. Natumaini mama yako analala vizuri na Raja hamsumbui. Huku joto limekaza. Zabibu zinaiva, na wale mbuzi wawili wananifuata ndani kama watu. Nyumba imekuwa kubwa mno tangu mlipomchukua mama yako. Najikuta nauliza chumvi iko wapi, kisha nakumbuka hakuna wa kunijibu.

Hujaniuliza habari za kikao, najua hukuruhusiwa, na siku ile nilipopita kwenu sikueleza vizuri. Sasa kimekwisha na muhuri umepigwa, kwa hiyo nakuandikia.

Niliyaandika malalamiko yale baada ya Ijumaa yenu. Nilitumia karatasi moja kama ulivyosema, nikaandika kwamba nilimsamehe jirani na sikumsamehe asiyenijia. Wakaniita. Asubuhi ile nilikuona kwenye ujia, umebeba majalada, ukageuza uso ukaingia chumba kingine. Safari hii nilielewa, na nilikuwa na fahari, ingawa ulinipita kama mgeni.

Tulikaa watatu. Afisa wenu mmoja mwembamba, mimi, na bwana wa kampuni kutoka mji wa Salt, amevaa tai. Mhudumu akaleta kahawa. Nikapokea kikombe changu nikakiweka mezani. Yule wa Salt alikuwa amekwisha kuinua chake, akaona, akakirudisha polepole. Tai au si tai, alilelewa na watu.

Afisa wenu akatabasamu kidogo. "Abu Nawfa, hapa si ukumbini. Haki yako haiombwi hapa, inasomwa." Na akaisoma kweli. Akasema sahihi yangu ilimwondolea kijana kesi, na haina neno hata moja juu ya kampuni. Akasema kampuni ilipaswa kunijibu kwa maandishi, haikunijibu, ilipaswa kutuma mkadiriaji, haikutuma. Akawapa muda wa kufanya yote mawili na kulitengeneza gari. Bwana wa Salt alijitetea kidogo, kwa ajili ya mshahara nadhani, kisha akakubali.

Kikombe changu bado kilikuwa pale. Yule wa Salt akaniambia, "Kunywa basi, Hajji, umeshapata." Nikamwambia hiyo ilikuwa haki yangu, haja yangu ni nyingine. Nataka kampuni iandike, leo, kwamba haitamgusa Auda mwana wa Shihada, si sasa wala baadaye.

"Lakini Hajji, kanuni imeshatukataza kumdai."

"Basi haitakugharimu kitu kuandika."

Akamtazama afisa, afisa akatazama dirishani. Akaandika. Nikaisoma karatasi, nikaikunja kwa ajili ya Shihada, ndipo nikanywa. Kahawa yenu ya serikali haina iliki.

Mkadiriaji alikuja, akalipiga gari picha pande zote kama bibi harusi. Sasa limetoka kwa fundi. Taa mpya inawaka kuliko ile ya zamani, kwa hiyo usiku linaonekana kama linakonyeza. Auda ndiye aliyeliosha, alikataa kuniachia ndoo.

Sasa nikuambie nililokuandikia barua hii.

Siku ile baada ya kikao nilipofika kwenu, nilikaa na mama yako mchana mzima tukazungumza mbuzi. Nilikwenda kumwambia jambo, nikazungumza mbuzi. Alikuwa ameweka miguu juu ya mto, na viatu vyake vilikuwa mlangoni, vile vya bluu, navyo vinamwingia sasa.

Nawfa, nilimsamehe Auda, na sijutii. Lakini nilipotamka lile neno ukumbini, mama yako alikuwa nyuma ya pazia anachochea kahawa. Alikuwemo ndani ya gari lile. Sikumwuliza. Kisha nikalinda neno langu kwa miguu yake. Alisimama barabarani asubuhi za baridi akisubiri lori la mboga, hakunilaumu, aliniuliza tu kama nimekula. Nilikuwa mkarimu kwa watu wote, na yeye ndiye aliyetoa.

Jumamosi nakuja na gari kumchukua, madaktari wakiruhusu. Nikifika, nikaribisheni kahawa. Iwekwe mbele yangu, na asiniharakishe mtu. Nina haja kwa mama yako, na sitainywa mpaka anijibu. Nimewaona wazee wengi wakiketi hivyo mbele yangu, na sikuwahi kujua kwamba koo linakauka kiasi hiki.

Usimwambie mapema. Au mwambie, sijui. Fanya uonavyo.

Baba yako,
Mithqal


Amman
6 Agosti 2008

Baba yangu,

Abu Rakan anasubiri chini na injini inawaka, kwa hiyo salamu zetu zote zichukulie kwa mkupuo.

Nilimsomea mama barua yako, yote. Alisikiliza huku anachambua dengu. Nilipofika kwenye viatu vya bluu aliacha kuchambua. Akafuta macho kwa ncha ya shela, akasema dengu za Amman zina mawe.

Kisha akasema niandike maneno haya, na nisiongeze langu:

"Mwambie anywe kahawa yake huko huko nyumbani kabla hajatoka. Njia ni ndefu, na mimi sitaki aendeshe na koo kavu."

Nawfa